Mtoto wa Mkimbizi Achore Nini?



Tangu tuanzishe darasa la kuchora kanisani, Jumamosi baada ya saa nane, wazazi na wazee wametujia na maswali. Wengine wameuliza kwa furaha na wengine kwa wasiwasi. Tukiyakusanya maswali yao, tunayaona kuwa matatu. La kwanza: je, yafaa kumfundisha mtoto kuchora wakati sahani yake haijai? La pili: je, Mkristo anaruhusiwa kufanya picha za watu na wanyama? La tatu: watoto hawa wachore nini?

Maswali mawili ya kwanza tutayajibu kwa ufupi. La tatu linaonekana dogo, lakini ndilo lililotusumbua kuliko yote, maana ndani yake kuna jambo la haki. Nani ana mamlaka ya kumwambia mtoto akumbuke nini na aone nini?

CHAKULA NA SANAMU

Kuhusu chakula, hatutabishana na mzazi yeyote. Mwaka 2025 msaada wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda ulipunguzwa mno, na familia nyingi ziliondolewa kabisa kwenye orodha. Kuchora hakushibishi. Lakini tukumbuke ya kwamba Bezaleli na Oholiabu, mafundi tunaosoma habari zao katika kitabu cha Kutoka, walifanya kazi jangwani. Watu wao waliishi katika mahema na walikula kile walichopewa siku kwa siku, yaani walikuwa watu wa mgao kama sisi. Hata hivyo Maandiko yanasema Mungu aliwajaza hekima ya kubuni kazi za ustadi, na hakungoja mpaka wafike Kanaani. Zaidi ya hayo, mtoto anayejua kuchora hujua kupima kwa jicho, na hilo humsaidia fundi seremala, fundi cherehani na yule anayeandika vibao vya maduka.

Kuhusu sanamu, kitabu kilekile cha Kutoka kinachokataza kuzisujudia picha kinaagiza pia makerubi yatengenezwe na makomamanga yashonwe kwenye vazi la kuhani. Kilichokatazwa ni kuabudu. Hakuna mtoto wetu aliyeisujudia mbuzi aliyoichora, ingawa wako waliozisifu mbuzi zao kupita kiasi.

DARASA LENYEWE

Kwa wale ambao hawajafika, darasa letu lina watoto wapatao arobaini, wa miaka saba hadi kumi na mitatu. Wazazi wa wengi wao walitoka kando ya ziwa Tanganyika upande wa Burundi, yaani Rumonge, Minago, Kizuka na Nyanza-Lac. Wengine ni ndugu zetu Wakongomani wa Uvira na Fizi. Karibu watoto wote wamezaliwa hapa Nakivale, au waliletwa wakibebwa mgongoni baada ya machafuko ya mwaka 2015. Ziwa wanalolijua kwa macho yao ni hili la Nakivale, dogo, lenye matete na viboko.

Vifaa vyetu ni vya kawaida. Tunatumia makatoni ya sabuni yaliyokatwa, kurasa za nyuma za madaftari ya zamani, mkaa wa jikoni, na udongo mwekundu uliochanganywa na uji wa muhogo ili ushike. Tulipata pia pakiti chache za kalamu za rangi. Katika kila pakiti, rangi inayokwisha kwanza ni ya bluu. Inakwisha kabla hata nyeusi haijachongwa mara mbili. Siku hizi tunaloweka bluu ya kufulia katika kifuniko cha chupa, na mtoto anaipaka kwa kijiti kilichotafunwa ncha. Watoto ambao hawajaliona Tanganyika hata siku moja wanamaliza bluu yote kwa ajili yake.

Hapo ndipo lile swali la tatu lilipoanzia.

WANAOTAKA MTOTO ACHORE VITA

Wageni huja makazini kwetu, na wengi wao wana nia njema. Wakifika darasani huomba kuona michoro, halafu huwaomba watoto wachore jambo lililowafanya wakimbie. Tumeshuhudia mara kadhaa yanayofuata. Mtoto aliyechora mtu mwenye bunduki anapigwa picha pamoja na karatasi yake, anapewa pipi, na karatasi inatiwa kwenye mfuko wa mgeni. Mtoto aliyechora kuku na vifaranga anaambiwa "vizuri", na karatasi yake inabaki kwenye benchi.

Watoto si wajinga. Baada ya ziara ya namna hiyo tulimwona mvulana wa miaka minane, mzaliwa wa hapahapa, akichora helikopta inayomwaga moto juu ya nyumba. Tulimwuliza aliona wapi jambo hilo. Akajibu bila aibu, "Sijaona, Mchungaji. Ila wageni wanapenda hii."

Jibu hilo lina uzito. Mtoto huyu hakuwa anasema uongo kwa ubaya. Alikuwa amejifunza ya kwamba huzuni ni bidhaa na ya kwamba ina mnunuzi. Akikua hivyo, siku moja atashindwa kutofautisha maumivu yake mwenyewe na yale anayoyaonyesha watu ili asaidiwe. Katika Zaburi ya 137 tunasoma habari za wahamishwa wa Babeli, jinsi waliowachukua mateka walivyowataka waimbe nyimbo za kwao, nao wakavitundika vinubi vyao mitini. Hawakuwa wamesahau kuimba. Walikataa kuimba kwa kuamriwa, mbele ya watu waliotaka kuburudishwa.

Hata hivyo tusiseme ya kwamba mtoto asichore vita kamwe. Mwaka 2007 shirika la Uingereza liitwalo Waging Peace lilikusanya michoro ipatayo 500 ya watoto wa Darfur waliokuwa kwenye kambi za wakimbizi nchini Chad. Watoto walichora vijiji vinavyoungua, watu wenye silaha juu ya farasi na ngamia, na ndege angani. Michoro hiyo ilipelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, nayo ikapokelewa kama maelezo ya kusaidia kuelewa yaliyotokea. Wale watoto walikuwa mashahidi. Walichora walichokiona, na mchoro wao ukasema mahali ambapo watu wazima walikuwa wanabishana.

Basi tofauti iko wapi? Kwa maoni yetu, iko katika mambo mawili. Kwanza, je, mtoto amebeba jambo hilo kweli, au tumemtwika sisi? Pili, je, anao uwezo wa kusema hapana na bado akapendwa vilevile? Mtoto mwenye usiku mbaya moyoni akiutoa mwenyewe kwenye karatasi, tunakaa karibu naye, tunamsikiliza, na kama ni lazima tunamtafutia mtu mwenye ujuzi wa mambo ya moyo. Lakini hatugongi mlango huo ili mgeni apate kitu cha kupeleka kwao.

WANAOTAKA MTOTO ACHORE NYUMBANI

Jambo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu wanaolidai ni sisi wenyewe.

Sisi tuliolelewa pwani ile tunaijua, na hatuchoki kuisimulia. Tunawaambia watoto habari za michikichi ya bonde la Imbo, jinsi ngazi zinavyochemshwa na kukamuliwa mpaka mawese yatoke mekundu kama jua la jioni. Tunawaambia habari za mukeke wa kuchoma, na ndagala walioanikwa mchangani mpaka kijiji kizima kinanuka samaki. Tunawaambia jinsi wavuvi walivyotoka jioni na taa zao, mitumbwi miwili ikiwa imefungwa pamoja kwa miti na wavu ukishushwa katikati, hata ukitazama usiku ungedhani mji umejengwa juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu hawakwenda, kwa sababu ndagala hawafuati taa ya mtu wakati mbingu yote ina taa. Haya ni mali tuliyokimbia nayo, na hayakuhitaji gari la kuyabeba.

Kwa hiyo mama mmoja alipomwona mwanawe amechora foleni ya bombani, bidoni za njano zikiwa zimepangwa mstari, alisikitika. Alimwambia, "Hii taabu unaichora ya nini? Chora kwetu." Mama huyu tunamwelewa. Anaogopa mwanawe atakuwa mtu wa bombani siku zote, asiyejua ana kwao.

Lakini hebu tuangalie yanayotokea mtoto akichora kwao asikokujua.

Siku moja watoto wawili waligombana darasani. Mmoja, ambaye mama yake ni wa Rumonge, alichora jua likizama ziwani. Mwenzake, ambaye wazazi wake walitoka Mboko katika pwani ya Fizi, alisema huo ni uongo, kwa sababu mama yake alimwambia jua huchomoza kutoka ziwani. Kila mmoja alikuwa tayari kupigana kwa ajili ya mama yake. Tulichora ziwa refu ubaoni kwa chaki, Burundi upande wa mashariki na Kongo upande wa magharibi, tukawauliza kila mama alisimama wapi. Walinyamaza kidogo, kisha yule wa Rumonge akasema, "Basi jua likizama kwetu linakwenda kwao." Mama hakudanganya hata mmoja. Lakini kila mama alikuwa amemwachia mtoto upande mmoja tu wa maji, na watoto walikuwa tayari kutiana ngeu kwa sababu ya mahali ambapo mtu mwingine aliwahi kusimama.

Kuna na hili. Rumonge tunayoisimulia si yote iliyopo leo. Kwa miaka kadhaa, hadi 2024, maji ya Tanganyika yalipanda sana, yakaingia katika nyumba na barabara za pwani, Rumonge na mpaka Gatumba. Mchanga ambao baadhi yetu tulichezea mpira umelala chini ya maji. Mtoto anauchora kwa rangi ya njano, mpana na mkavu, kwa sababu ndivyo tulivyomwambia.

Na kuna jambo lililo zito kuliko maji, nalo ni ardhi. Kila mtu wa pwani ile anajua ya kwamba mwaka 1972, tarehe 29 Aprili, machafuko yalianzia maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, kisha mauaji yakaenea nchi nzima. Watu wengi mno walikufa. Wengi walikimbilia Tanzania, wakawekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Nyuma yao mashamba ya michikichi yalipata watu wengine, na wako waliopewa na serikali yenyewe. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi mwaka 2000. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya kushughulikia ardhi, na mwaka 2008 na 2009 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa 1972 walirudi. Mara nyingi mtu aliyerudi alimkuta mwingine amekwisha kuzeeka katika shamba lile, amezaa humo na amezika humo. Wengine waligawana nusu kwa nusu. Wengine walikwenda mahakamani. Wengine walipelekwa kwenye vijiji vya amani kama Mutambara, karibu na Rumonge. Halafu ikaja 2015, na watu wakakimbia tena.

Sasa tuwaeleze habari ya msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja. Alichora shamba la babu yake la michikichi. Ulikuwa mchoro mzuri kabisa, miti imepangwa, nyumba moja ya matofali, ziwa nyuma yake. Tulimwuliza swali tunalomwuliza kila mtoto juu ya kila mchoro, yaani ni nani yuko hapa na anafanya nini. Tukiona ngazi zimekatwa tunauliza nani amezikata. Alitazama karatasi yake muda mrefu, akasema, "Sijui, Mchungaji. Mama hakuniambia."

Alikwenda nyumbani akauliza. Jumamosi iliyofuata mchoro ulikuwa na mtu wa pili. Kando ya nyumba ya babu kulikuwa na nyumba nyingine, na mwanamke aliyebeba ngazi kichwani, ametupa mgongo. Msichana alieleza ya kwamba babu yake aliporudi kutoka Tanzania aliikuta familia nyingine shambani, wakagawana, na mpaka 2015 waliishi wakisalimiana. "Nimemgeuza," alisema, "kwa sababu uso wake siujui."

Siku mbili baadaye mama yake alifika kwetu. Alisema, "Mchungaji, mmeingiza mtu shambani mwa baba yangu."

Hatuwezi kulipuuza neno hilo. Mama yule amemlea binti yake katika nyumba ya miti na udongo, kwenye kiwanja ambacho si chake. Kitu alichokuwa nacho cha kumpa kilikuwa shamba lile, zima, lisilo na mgogoro. Lilikuwa urithi pekee ambao hakuna karani aliyeweza kulifuta jina lake kwenye orodha. Swali letu lilipunguza urithi huo nusu. Nani anapenda kufanyiwa hivyo?

Lakini tufikiri pia juu ya binti. Huenda siku moja atarudi, maana kurudi kunazungumzwa kila mwaka. Akirudi akiwa na picha ya shamba tupu moyoni, mwanamke yule mwenye ngazi kichwani ataonekana kwake kama mwizi tangu dakika ya kwanza. Akirudi akijua ya kwamba babu yake aligawana na mtu, kwa machungu lakini kwa mkono wake mwenyewe, atakuwa na pa kuanzia mazungumzo. Sisi watu wa Rumonge tumeona wazi nchi iliyochorwa bila jirani inaleta nini. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini wanadamu si mafahali, na pwani ile ni nyembamba.

SWALI LA MWALIMU SI AMRI?

Mzee mmoja wa kanisa alitupa hoja ambayo tunaona ni ya haki. Alisema, "Mnawakataza wageni wasimwagize mtoto, mnawakataza wazazi, kisha ninyi mnauliza maswali yenu. Swali la mwalimu ni amri yenye adabu."

Ni kweli, kwa sehemu. Mtoto hujua mwalimu anataka nini hata kabla hajafungua kinywa. Walimu wa kuchora katika nchi hii walibishana juu ya jambo hili miaka mingi kabla yetu. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha kuchora Kampala katika miaka ya 1930 na kuanzisha idara ya sanaa ya Makerere, hakutaka kuwalazimisha wanafunzi waige picha za Ulaya. Aliwaeleza tukio kwa maneno, kisha kila mmoja akachora alivyoliona moyoni mwake. Cecil Todd, aliyemfuata mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona haitoshi. Alitaka wanafunzi wajue kumchora mtu kwa kumtazama, wajue elimu ya rangi, wajue na kazi za mataifa mengine. Mmoja alihofia kuiharibu sauti ya mwanafunzi, mwingine alihofia kumnyima lugha ya kusemea. Sisi tunaona wote wawili walikuwa na sababu.

Kutoka shule hiyohiyo ya Makerere alitokea Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, ambaye miaka ile ya 1950 alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya, kanisa lililojengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Alimweka Yesu katika nchi ya Kiafrika, kati ya watu wa mahali pale. Hakungoja aione Bethlehemu. Alichukua habari aliyoipokea kwa wengine, akaichora kwa vitu alivyoviona kwa macho yake. Nasi tunadhani mtoto wetu anaweza kufanya hivyo na Rumonge, mradi ajue lipi amelipokea na lipi amelitazama.

Tuna pia mfano mwingine, wa huzuni. Wakati wa vita kuu ya pili, mchoraji Myahudi Friedl Dicker-Brandeis alifungwa na Wajerumani katika mji wa Terezín, karibu na Prague. Humo ndani aliwafundisha watoto kuchora, kwenye karatasi zilizookotwa. Aliwafundisha mpangilio, rangi, na jinsi ya kutazama kitu kilichowekwa mezani. Watoto walichora maua, nyumba, meza za chakula, na mara nyingine mambo ya pale kambini. Majina yao yameandikwa kwenye michoro mingi. Mwaka 1944 mwalimu huyo alipelekwa Auschwitz, akauawa, na wengi wa wanafunzi wake waliuawa vilevile. Lakini masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500 yalisalia, na leo michoro hiyo iko katika makumbusho ya Wayahudi ya Prague. Mtu mwenye sababu zote za kuwaamuru watoto wachore uovu aliwafundisha kutazama, akaacha wachague. Dunia imewajua watoto wale kwa majina kwa sababu ya mambo waliyoyachagua wenyewe, hata chombo cha maua.

TULIYOKUBALIANA

Kwa hiyo sisi tunaofundisha tumekubaliana hivi, na tunawaandikia ili mtusahihishe.

Tunafundisha mkono na jicho. Kila Jumamosi, kwa muda wa robo saa, watoto wote wanachora kitu kimoja kilichowekwa mbele yao, kwa mfano bidoni, sufuria lenye masizi, au kiatu. Hapo tunasahihisha bila huruma. Mpini uko wapi? Kivuli kimelala upande gani? Mtoto ambaye ameibeba bidoni maisha yake yote hushangaa kuona ya kwamba hajawahi kuitazama.

Baada ya hapo kila mmoja anachora anachotaka. Akitaka ziwa, ziwa. Akitaka bomba, bomba. Akitaka bunduki, hatumkatazi na hatumsifu kuliko wenzake.

Tunauliza maswali yaleyale kwa wote, na mtoto anaruhusiwa kujibu "sijui" au "sitaki kusema". Huu ndio ulinzi dhidi ya ile amri yenye adabu. Swali ambalo mtu hawezi kulikataa limekwisha kuwa agizo.

Na mchoro ni mali ya mtoto. Mgeni akiupenda amwombe mwenyewe, mbele ya mzazi, na mtoto akisema hapana, basi. Jina lake halitoki nje ya kanisa bila ruhusa ya nyumbani.

NENO KWA WAZAZI

Tunawaomba jambo moja. Mtoto akileta karatasi nyumbani, msimwulize tu "hiki ni nini?" kana kwamba mnamhoji. Mwambieni, "Nisimulie." Naye akiwauliza habari za Rumonge, mpeni yote mnayoweza kumpa kwa umri wake: mawese na taa za wavuvi, na jirani pia, kwa jina lake kama mnalikumbuka. Msimpe nchi isiyo na watu. Yale mazito msiyoweza kuyasema bado, mwambieni yapo na yatasemwa wakati wake. Hilo nalo ni kweli.

Yule mama wa shamba la michikichi bado hajakubaliana nasi, na tunamheshimu. Binti yake anaendelea kuja. Mchoro wake ameurudisha nyumbani, na yule mwanamke bado ametupa mgongo. Wiki iliyopita alituuliza jinsi ya kuchora pua.

Darasa linaendelea kila Jumamosi. Mwenye makatoni safi, mkaa laini au bluu ya kufulia asitupe, atuletee kanisani. Bluu hasa.